Kadi Aliyoirudisha

Viatu havikuingia. Mzee Stoo alipiga magoti sakafuni, akaupakata mguu wa mkewe, akajaribu cha kulia, akajaribu cha kushoto, kisha akarudia cha kulia utadhani kiatu kinaweza kubadili nia. Mguu ulikuwa umejaa, ngozi imetanuka hadi inang'aa, na alipoubonyeza kwa kidole gumba pakabaki shimo.

"Acha kunibonyezabonyeza, mimi si unga wa kukanda," mkewe alisema. "Lete kandambili zako."

"Zangu zitakupwaya."

"Leo hazipwayi."

Na kweli hazikupwaya. Wakatoka hivyo, mume na viatu vyake vya kazini, mke na kandambili za mume, wakienda kidogo na kusimama, kidogo na kusimama, kwa sababu pumzi nayo ilikuwa inamkatika. Jirani aliyekuwa akifagia aliwaamkia, akauliza habari za mgonjwa. "Mgonjwa si huyu hapa? Muulize mwenyewe," mke akajibu, wakacheka wote watatu, lile cheko la kumaliza salamu.

Mtaani walimwita Bi Fundi, kwa kuwa aliwashonea sare watoto wa shule mpaka watoto hao wakamletea watoto wao. Figo zake zilichoka mwaka juzi. Tangu hapo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, anakaa kwenye kiti cha hospitali, damu yake inatoka kwa mrija mmoja, inasafishwa mashinani, inarudi kwa mwingine. Akikosa siku moja, maji yanabaki mwilini. Akikosa mbili, yanaanza kupanda kifuani.

Wiki iliyopita kadi yake ya bima ilikataa. Wakaambiwa ni mtandao. Ijumaa wakauza cherehani, wakalipa taslimu, na ndiyo maana pale chumbani karibu na dirisha, mahali ilipokuwa, zilibaki alama za miguu yake ya chuma tu sakafuni. Bei ya kukaa kitini mara moja ilikuwa karibu sawa na pensheni ya mwezi mzima. Jumatatu hawakwenda. Leo Jumatano, na Mzee Stoo alikuwa ameapa moyoni kwamba leo mkewe atakaa kitini, liwalo na liwe.

Dirisha la bima hospitalini lilikuwa na karani mmoja, binti mpole mwenye macho ya usingizi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu jaribu tena hii kadi ya mama."

Karani akaipitisha. Mashine ikalia mlio mfupi wa kukataa. Safari hii hakusema mtandao. Alisogeza uso karibu na kioo, akasoma, akarudia kusoma.

"Mzee, inasema mwanachama mkuu amejitoa."

"Mwanachama mkuu ndiye nani?"

"Ni wewe."

"Nimejitoa wapi? Si nipo hapa nimesimama?"

"Kwenye ile bima ya wastaafu wa shirika lenu. Mama alikuwemo kama mtegemezi wako. Ukitoka wewe, na yeye katoka. Waliiacha kadi yake ifanye kazi mpaka mwisho wa robo mwaka, sasa wamefunga."

Mzee Stoo akatoa kadi yake mwenyewe, ile mpya ya serikali, akaisukuma chini ya kioo. "Basi mtibu kwa hii."

Mashine ikalia mlio mwingine, mtamu. Karani akatikisa kichwa. "Hii inakubali, lakini ni wewe peke yako. Mama hayumo."

"Ni mke wangu wa ndoa."

"Mimi naona, mzee. Mfumo ndio hauoni."

Hapo ndipo mambo yalipomfunukia. Maana kadi ya shirika alikuwa ameirudisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, tena kwa fahari.

Na usimcheke. Mtu huyu alitunza stoo ya shirika la maji maisha yake yote ya kazi. Mafundi walikuja kuchukua spana, koleo, buti, glavu, na sheria yake ilikuwa moja: leta la zamani uchukue jipya. Hata bosi mkubwa alipotaka buti mpya alirudishwa kwenda kuleta zile zilizotoboka. Mtu kuwa na vitu viwili vya kazi moja, kwa Mzee Stoo huo ulikuwa wizi, hata kama hujauza. Kwa hiyo alipofika umri wa kupewa kadi ya bima ya serikali ya wazee, alifanya lile alilokuwa akiwafanyisha wenzake. Alivaa shati safi, akaenda ofisi ya wastaafu, akaweka kadi ya shirika mezani. "Nimepata mpya," akasema, "hii ya zamani nairudisha." Wakampa karatasi, akatia saini. Wakagonga muhuri. Afisa akasimama kumpa mkono: laiti wazee wote wangekuwa kama wewe!

Kadi ya mkewe aliiacha nyumbani. Hiyo ilikuwa na jina la mkewe, picha ya mkewe. Angerudishaje kitu cha mwenzake?

"Mama watoto," alisema sasa, akigeuka. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekufungia."

Bi Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono umeshika kifua. Alikuwa amesikia yote.

"Siku ile ulikuja ukanionyesha ule muhuri," akasema. "Na mimi nikakusifu. Kwa hiyo tumefunga wote. Haya, usisimame kama nguzo. Nenda kaulize."

"Nikuache hapa peke yako?"

"Nitakimbilia wapi na miguu hii?"

Karani alisema ofisi ya bima ya serikali wakimwandikia kibali, hata cha kipande cha karatasi, yeye atamruhusu mama. Mzee Stoo akaondoka kwa miguu. Jua lilikuwa limeshapanda, na hela ya pikipiki aliiweka akiba, huenda ikahitajika kumrudisha mgonjwa.

Ofisi ya bima ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, ukijitikisa wewe anatikisika na wa mwisho. Ukifika unachukua namba. Namba ikaitwa, mwenye namba akapiga mbio, akaambiwa arudi na fotokopi. Nyingine ikaitwa, mwenyewe alikuwa chooni, ikapita. Mzee Stoo hakuthubutu hata kukohoa. Alipofika mezani alikuta mama wa makamo, mwenye miwani kichwani na nyingine usoni.

"Mkeo ana miaka mingapi?"

"Sitini na moja."

"Aa, bado mdogo."

"Mdogo!"

"Kwa bima hii, baba. Hii inaanza sitini na tano, na ni mtu mmojammoja, haina mke wala watoto. Anaweza kujiunga na ile ya kulipia. Ila kusafishwa damu kunasubiri mwaka mmoja tangu ajiunge."

"Mwaka? Mama yangu, huyu ninayemsemea hana wiki."

Yule mama akashusha kalamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Mzee Stoo siku nzima, kwamba hakukutana na mtu mbaya hata mmoja.

"Baba, nani alikwambia urudishe ile ya shirika? Bima mbili hazigombani. Hii ya serikali inatangulia kulipa, ile ya shirika inafuata nyuma, inamalizia palipobaki. Na familia inabaki kwenye ile ya shirika vilevile. Ndivyo ilivyo kwa wastaafu wote."

"Hakuna aliyeniambia."

"Walitangaza. Shirika lenu walibandika tangazo kwenye ubao."

"Ubao upo kantini," Mzee Stoo alisema taratibu, "ndani ya geti. Mstaafu haruhusiwi kupita geti bila kibali."

Mama yule akavua miwani ya usoni, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Rudi kwa shirika," akasema. "Waliokutoa ndio wanaoweza kukuingiza. Sisi hapa hatuna mlango huo."

Basi akapigwa danadana kama mpira wa makaratasi. Hospitali inasema serikali, serikali inasema shirika. Akavuka mji. Njiani alipita kibanda cha simu, akampigia binti yao aliyeolewa mbali, simu ikapokelewa, binti akasikia sauti ya baba, akasema kabla hajaulizwa, "Baba, juzi ile niliyotuma ndiyo ya mwisho, wallahi, hapa penyewe tunashindia uji." Akamwambia hapana, mwanangu, nilitaka kukusalimu tu. Wote wawili wakajifanya wameamini.

Getini mlinzi alikuwa mgeni kwake, kijana wa kampuni ya ulinzi.

"Kibali?"

"Nilikuwa natunza stoo hapa. Hilo geti nililipokea mimi likiwa vipandevipande."

"Hongera, mzee. Kibali?"

Aliachwa apite baada ya fundi mmoja mwenye mvi kupita na kupiga kelele, "We, huyo ni Mzee Stoo! Ukimzuia atakudai geti la zamani!" Mlinzi akacheka. Mzee Stoo naye akacheka, maana hakutaka kulia mbele ya watoto.

Afisa wa wastaafu alimkumbuka mara moja. Alisimama, akavuta kiti. "Ah, mzee wetu! Wewe si ndiye uliyerudisha kadi? Mpaka leo nakutolea mfano kwenye vikao."

"Nimekuja kuichukua."

Akaeleza. Alieleza kwa utulivu, kitu kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akieleza upungufu wa mabomba kwa wakaguzi. Mke, figo, kiti, kadi, karani. Alipofika kwenye miguu iliyovimba, utulivu ukamwisha. Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote.

"Mwanangu, mimi sijaomba kitu shirika hili. Sikuiba hata msumari. Nifungulieni huyu mama, mniadhibu mimi."

Afisa akaangalia chini. "Mzee, kanuni inasema aliyejitoa kwa hiari harudi. Kampuni ya bima ndiyo iliyoiandika, ili watu wasiwe wanatoka wakiwa wazima wanarudi wakiugua."

"Sikujitoa. Nilirudisha kitu."

"Kwa kanuni ni jambo moja."

"Wewe uliyepokea, ulijua mke wangu yumo?"

"Nilijua," akasema. "Nilidhani unajua na wewe."

Kisha kijana yule, na hii ni haki yake tuiseme, hakumfukuza. Alichomoa kijitabu cha kanuni kabatini, akaanza kupekua, akilamba kidole, akinong'ona vifungu. Alitaka kweli kusaidia. Ghafla uso wake ukachangamka.

"Ngoja, ngoja. Ipo njia moja hapa. 'Mke wa mstaafu atapokelewa kwa jina lake mwenyewe, bila kipindi cha kusubiri, kwa maradhi yote, hata kama mstaafu alikuwa amejitoa…'" Sauti ikaanza kupungua. "'… iwapo mstaafu huyo atakuwa amefariki dunia.'"

Akakifunga kijitabu. "Nisamehe, mzee. Nilikuwa nasoma tu."

Mzee Stoo alikuwa ameinamisha kichwa, kama anayehesabu.

"Na hapo inachukua muda gani?"

"Nini?"

"Huyo mjane kupokelewa."

"Mzee, tuache hayo."

"Nauliza tu."

"Cheti cha kifo kikifika… siku hiyohiyo." Afisa akainuka. "Nikuletee maji ya kunywa?"

Hakutaka maji. Akaaga kwa heshima, akashukuru, maana alilelewa kushukuru. Akarudi hospitali kwa njia ileile, na watu waliopishana naye hawakujua kwamba mzee yule anatembea huku ndiye kikwazo. Kila mlango aliogonga ulikuwa umefungwa na kitu kimoja, pumzi yake mwenyewe.

Bi Fundi hakuwa kwenye benchi. Akamkuta kwenye korido, mlangoni pa chumba cha mashine, nesi amempa kiti cha kuegemea. Ndani viti vyote vilikuwa na watu isipokuwa kimoja. Kilikuwa kitupu, shuka limetandikwa, mashine imesimama kando yake.

"Kile ni chake," nesi alisema kabla hajaulizwa. "Kimekaa hivyo tangu asubuhi. Bila kibali siruhusiwi kuwasha. Nikiwasha, natakiwa kulipa mimi, na mimi na mshahara huu…" Akamwangalia mikononi. "Umepata karatasi, baba?"

Mzee Stoo akafungua mdomo kujibu, lakini korido ikainama upande. Akauona ukuta unamfuata. Nesi na mkewe wakamdaka kwa pamoja, mgonjwa akimshika mzima, wakamkalisha.

Na hapo, jamani, ungeona kazi. Nesi akamfunga kipimo cha presha mkononi, akaguta. Presha iko juu kupita kiasi. Akaomba kadi, kadi ya serikali ikapelekwa dirishani, ikalia ule mlio mtamu. Daktari akaja mwenyewe. Akapimwa moyo, akapimwa sukari, akapelekwa kwenye kitanda chenye shuka jeupe, akawekewa dawa chini ya ulimi. "Mzee, umelipiwa kila kitu," daktari alimwambia kwa furaha. "Bima yako nzuri sana. Ni haki yako, usiogope." Mkewe aliyatazama hayo akiwa amesimama kwenye kizingiti, mkono kifuani, anavuta pumzi kwa kuipangia. Hakuna aliyemletea kiti, kwa kuwa mgonjwa sasa alikuwa mwingine.

Walipomruhusu alikuwa na mfuko wa karatasi uliojaa dawa za presha, za miezi mitatu. Nesi akawasindikiza mpaka ngazini. Akamvuta Mzee Stoo pembeni.

"Akizidiwa, pumzi ikimbana kabisa, mlete dharura. Dharura hawakatai mtu. Lakini mpaka azidiwe, baba. Akija anatembea, watamrudisha."

Walipanda pikipiki moja wote wawili, mama katikati. Nyumbani akamlaza juu ya mito mitatu, maana akilala chini maji yanampanda. Jua la jioni lilikuwa linaingia pale palipokuwa na cherehani.

"Haya," Bi Fundi alisema, macho amefumba. "Niambie walichosema huko shirikani. Tangu urudi hunitazami."

"Wamekataa."

"Hiyo nimeshaijua. Na kingine?"

Alijaribu kunyamaza. Lakini wameishi pamoja miaka mingi mno, na mwanamke huyu aliweza kusoma kitambaa kwa kukipapasa tu. Akamwambia. Alimwambia neno kwa neno, mpaka lile la siku hiyohiyo.

Bi Fundi akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akakaa, akamshika mumewe bega mpaka kikapita.

"Kwa hiyo mimi kosa langu ni kwamba sijafiwa."

"Mama watoto, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kuwa hai?" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Hebu, dawa zako zinasemaje? Za saa ngapi?"

"Jioni. Nitameza baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baadaye. Kwanza nikukande miguu."

Alisema hivyo bila kumtazama, na mfuko aliuweka juu ya kabati, nyuma kabisa, mahali ambapo mtu huweka kitu asichokusudia kukitafuta. Bi Fundi aliutazama mfuko, akamtazama yeye. Kisha akashusha miguu ile chini, mmoja, halafu wa pili. Akasimama kwa kushika kitanda, akashika ukuta, akashika kabati. Mzee Stoo alisema kaa, unafanya nini, kaa, hakumsikiliza. Akaushusha mfuko. Akasoma kwa shida kilichoandikwa kwenye pakiti, akabonyeza kidonge kimoja kikamdondokea kiganjani. Akamimina maji kwenye kikombe, maji ambayo yeye mwenyewe amekatazwa kuyanywa isipokuwa ya kulowesha ulimi, akakijaza mpaka juu.

"Meza."

"Nimesema baadaye."

"Baba watoto." Alikuwa anahema, lakini sauti ilikuwa ileile ya zamani, iliyokuwa ikiwatuliza watoto wasichomwe na pini wakati wa kupimwa sare. "Mimi ujane wao siutaki. Meza nikuone."

Akapokea kidonge. Maji yakamwagika kidogo kidevuni. Akameza.

"Fungua mdomo."

Akafungua. Bi Fundi akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani penye mwanga, akamtazama vizuri mpaka chini ya ulimi.